Kazi za Changamwe haziendi Carolina

Tangu AGOA, sheria ya Marekani iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia huko bila ushuru, ifike ukomo tarehe 30 Septemba 2025, kila tetesi inayotoka Washington hufika kwenye mageti ya EPZ (maeneo ya viwanda vya kuuza nje) za Changamwe na Jomvu, Mombasa, kabla haijafika magazetini. Mara muda unaongezwa, mara hauongezwi, mara ushuru umepanda, mara umeshuka, na kila mara mafundi wa cherehani wanaulizana kama wiki ijayo kutakuwa na oda. Maelezo yanayozungushwa barazani, na hata na wanasiasa wetu wakishika kipaza sauti, ni kwamba Mmarekani anazitaka kazi zake: alizileta kwa sheria, sasa anazirudisha kwao kwa sheria. Ni maelezo mepesi kumeza, lakini hayasimami. Kazi ya kushona ikitoka Changamwe haiendi North Carolina. Itakwenda Dhaka, au Misri, au popote ambapo mnunuzi atapunguziwa senti kadhaa kwa kila suruali. Tena maelezo hayo yana kosa jingine kubwa zaidi: yanatufanya tuhesabu kazi zilizohama tu, tukasahau mishahara ya waliobaki. Hoja yangu ni kwamba uhamishaji wa kazi nje ya nchi humuumiza mfanyakazi kwa tishio la kuhama zaidi ya kuhama kwenyewe, na kwamba tishio hilo linambana fundi wa Changamwe vilevile lilivyombana mwenzake wa Carolina. Mombasa ina ushahidi wake wa jambo hili, na ushahidi huo uko bandarini.

Sheria ya AGOA ilitiwa saini na Rais Bill Clinton Mei 2000. Iliziruhusu nguo za nchi za Afrika zilizokubaliwa kuingia Marekani bila ushuru, na ndani yake kulikuwa na ruhusa moja ambayo ndiyo hasa iliyoijenga sekta yetu: kiwanda kingeweza kutumia kitambaa kilichofumwa nchi ya tatu, China kwa mfano au India, mradi kushona kufanyike hapa. Ukizingatia kwamba suruali ya pamba hutozwa asilimia 16.6 ikiingia Marekani kwa njia ya kawaida, na kwamba shati la poliesta laweza kufika asilimia 32, utaelewa kwa nini wenye viwanda wa Asia walikuja mbio. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya EPZ tangu 1990, inayompa mwekezaji miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni na miaka 10 mingine kwa asilimia 25. Lakini kuna sababu nyingine iliyowaleta, nayo huwa hatuitaji. Tangu 1974 biashara ya nguo duniani iliendeshwa kwa mkataba uliompa kila muuzaji fungu lake katika masoko ya nchi tajiri. Aliyejaza fungu la nchi yake alitafuta nchi ambayo fungu lake lilikuwa bado wazi. Mkataba huo ulikufa tarehe 31 Desemba 2004, na katika miezi iliyofuata viwanda kadhaa vya EPZ nchini vikafunga na maelfu wakarudi nyumbani, ilhali AGOA yenyewe ilikuwa hai, haijaguswa hata nukta. Hakuna mshonaji wa Carolina aliyefaidika na kufunga kule. Asia ndiyo iliyofaidika.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Suruali ya jinzi kwenye laini haishonwi na mtu mmoja. Huyu kazi yake ni zipu tu, yule ni mfuko wa nyuma, wa tatu anakunja pindo la mguu, wa nne anapiga vifungo, na kipande kinasukumwa kutoka mashine hadi mashine mpaka mwisho wa laini anakosimama mkaguzi. Kuna ubao ambapo supavaiza huandika kila saa idadi iliyotoka, na pembeni yake tageti iliyotakiwa. Kitambaa kimefika bandari ya Kilindini kutoka Asia ndani ya kontena, na mara nyingi uzi, zipu na vifungo vimekuja pamoja nacho. Kikishashonwa kinarudi Kilindini ndani ya kontena jingine. Kilicho chetu katika suruali ile ni mikono, umeme na barabara ya kwenda bandarini. Mikono ni ya watu wanaotembea alfajiri kutoka Mikindani na mtaa wa Bangladesh (ndilo jina lake, na utani wa kushindana na Bangladesh huku unalala Bangladesh hauhitaji msaada wangu), na umeme wetu si wa bei rahisi. Mashine zenyewe hufunguliwa nati, zikafungashwa, zikapakiwa. Hakuna kisima cha kuziba wala shamba la kuacha.

Tuanze na malalamiko ya Mmarekani, maana ana haki nayo. Viwanda vya kushona nguo vya Marekani viliajiri zaidi ya watu 900,000 mwaka 1990, leo hawafiki 100,000. Mji wa Kannapolis, North Carolina, ulipata habari Julai 2003 kwamba kampuni ya Pillowtex imefunga, na zaidi ya watu 4,000 wa jimbo hilo wakakosa kazi kwa mpigo. Wachumi waliokuwa wakisema kwamba aliyeachishwa kazi atahamia mji mwingine au atajifunza ufundi mpya hawakuwa na jibu tena baada ya utafiti wa David Autor, David Dorn na Gordon Hanson, uliochapishwa 2013. Watatu hao walilinganisha maeneo ya Marekani yaliyoshindana na bidhaa za China na yale yasiyoshindana nazo, wakakuta ajira imepungua, mishahara imeshuka na wanaotegemea misaada ya serikali wameongezeka, na hali hiyo haikujirekebisha kama vitabu vilivyotabiri. Makadirio yaliyofuata yalifikisha hasara hiyo kwenye ajira kati ya milioni 2 na milioni 2.4 kuanzia 1999 hadi 2011. Serikali yao ilikuwa na mpango wa kumsaidia mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje, ulioanzishwa 1962 enzi za Rais Kennedy. Mpango huo nao waliuacha ukafikia kikomo, na tangu Julai 2022 haupokei maombi mapya. Kwa hiyo anayesema kuhama kwa viwanda hakukumdhuru mfanyakazi wa Marekani anadanganya, na sitazitetea kazi za Changamwe kwa uongo huo.

Lakini kudhurika ni jambo moja na kurudishiwa ni jingine. Nguo zinazouzwa Marekani, karibu asilimia 97 yake, hutoka nje. Aprili 2025 Rais Donald Trump alipotangaza ushuru wake mpya, Kenya ilipangiwa asilimia 10, Bangladesh 37, Sri Lanka 44 na Vietnam 46, kabla viwango hivyo havijaanza kupanguliwa na kupangwa upya. Nairobi kuna walioshangilia, wakaona tumependelewa. Kilichofanywa na tofauti ile ni kuwafanya wanunuzi wapige hesabu upya ya nchi gani washonewe. Kununua mashine na kuzifunga Carolina hakukuwa kwenye hesabu. Hapa ndipo ilipo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ile inayodhani kazi duniani zina idadi maalumu kama viti vya matatu, akishuka mmoja anapanda mwingine. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, kuanzia Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, yaani kama dola 125. Mmarekani wa kima cha chini anapata fedha hizo kwa siku mbili na kidogo. Kazi ya kushona suruali kwa bei ya Changamwe haikuwahi kuwepo Carolina, na haiwezi kurudi mahali ambapo haikuwepo.

Upande wa pili wa mjadala nao una maelezo yake mazuri mno. Tangu mwaka 1941, Wolfgang Stolper na Paul Samuelson walipoandika nadharia yao, tumeambiwa kwamba biashara ikifunguka mfanyakazi asiye na ujuzi mkubwa wa nchi tajiri atapoteza, ila mwenzake wa nchi maskini atafaidika, kwa sababu kazi yake ndiyo inayotafutwa. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na dunia inakutana katikati. Kwa Mexico mambo hayakwenda hivyo. Robert Feenstra na Gordon Hanson walipoangalia viwanda vya mpakani vilivyohamia huko kutoka Marekani, waliona mishahara ya wenye ujuzi ikipanda zaidi kuliko ya wasio nao pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa kazi iliyokuwa ya chini Marekani ilikuwa ya juu Mexico. Wa chini kabisa hakuinuliwa na yeyote. Kwa nchi kama yetu kuna sababu nyingine, aliyoieleza Arthur Lewis mwaka 1954: mahali penye watu wengi wasio na kazi ya maana, kiwanda kinaweza kuajiri na kuajiri bila kupandisha mshahara, kwa kuwa nje ya geti kuna foleni isiyokwisha. Kenya zaidi ya asilimia 80 ya wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi. Foleni ya Lewis hapa haijafupika hata kidogo. China ilichukua zaidi ya miaka 20 ya kuajiri wanakijiji mpaka mishahara yake ikaanza kupanda kwa kasi, na China ina nguvu ambazo nchi ya aina yetu haina.

Tena si kweli kwamba kila anayeingia kiwandani anakwenda mbele kuliko aliyebaki nje. Christopher Blattman na Stefan Dercon walifanya jaribio Ethiopia ambalo lingestahili kusomwa na kila mbunge wa Pwani. Walichukua watu karibu 1,000 walioomba kazi viwandani, wakawagawa kwa kura: wengine wakapewa kazi, wengine fedha na mafunzo ya kuanzisha biashara ndogo, wengine hawakupewa kitu. Wengi wa walioingia kiwandani waliacha ndani ya miezi michache, kipato chao hakikuwazidi waliokosa kazi hizo, na afya zao zilipata madhara. Sisemi Mombasa ni Ethiopia. Laini zetu zina mafundi waliokaa miaka, wengine wamesomesha watoto kwa mshahara huo, na kwa mama anayelea peke yake mshahara unaokuja kila mwezi, hata ukiwa mdogo, haulinganishwi na kibarua cha kufua nguo Tudor ambacho leo kipo kesho hakipo. Hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote upande wa watetezi wa EPZ, na naikubali. Sekta hii nchini inaajiri zaidi ya watu 60,000. Zikifungwa laini hizo kesho, hatuna pengine pa kuwapeleka.

Swali ni kwa nini kazi inayohitajika kiasi hicho, inayoingiza mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, haipandishi mshahara wa anayeifanya. Jibu la Lewis ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye utafiti wa Kate Bronfenbrenner wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyefuatilia kilichotokea Marekani baada ya NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Marekani, Canada na Mexico, kuanza kutumika 1994. Kila wafanyakazi walipojaribu kuunda chama, waajiri wao, zaidi ya nusu, walitishia kufunga kiwanda chote au sehemu yake. Katika viwanda ambavyo ni rahisi kuhamisha, nguo na vyombo vya umeme kwa mfano, tishio lilikuwa la kawaida kuliko katika kazi zisizohamishika kama hospitali na ujenzi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba waliotekeleza tishio hilo walikuwa wachache mno. Hawakuhitaji. Mshahara ulibaki palepale na kiwanda kikabaki palepale, na mtakwimu anayehesabu kazi zilizohamia Mexico hakuandika lolote, kwa sababu kwake hakuna kilichotokea. Sasa chukua hadithi hiyo uilete kwenye geti la hapa kwetu. Mkiomba nyongeza, tutahamia Ethiopia. Mkigoma, oda itakwenda Asia. Sentensi ni ileile, tofauti ni kwamba sisi tuko upande ambako iliambiwa kazi zinakimbilia.

Linganisha na bandari. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa hoteli na hata wapishi wa nyumba za Wazungu, waliweka chini kazi. Mji ulisimama karibu wiki mbili, mikutano ikifanyika Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyekuja kuwaongoza, alikamatwa baadaye mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo. Lakini serikali ya mkoloni ilibidi iunde baraza la usuluhishi na mishahara ikapanda. Machi 1955 makuli wakagoma tena, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kusuluhisha, na nyongeza iliyopatikana ilikuwa asilimia 33. Ilikuwa katikati ya hali ya hatari, watu wakiwekwa vizuizini kwa maelfu, na bado kuli wa Kilindini alipandishiwa mshahara kwa theluthi. Hakuwa na elimu kuliko fundi wa leo, na foleni ya watafuta kazi ilikuwepo hata wakati ule. Alichokuwa nacho ni kina cha maji ya Kilindini. Meli ya kahawa na chai ya Kenya na Uganda haikuwa na bandari nyingine ya karibu ya kutia nanga, na mwajiri hakuwa na pa kuhamia. Kwa miongo iliyofuata kazi ya bandari ikawa miongoni mwa kazi za mkono zilizolipa vizuri zaidi nchini, na chama cha wafanyakazi wa bandari kikawa na sauti ambayo serikali zote zilizofuata zililazimika kuisikiliza.

Halafu mlango ukafunguliwa. Reli ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba abiria 2017 na mizigo Januari 2018, na kwa kuwa mkopo wa China ulipaswa kulipika, bandari ilikuwa imejifunga kwa mkataba kuipa reli mzigo wa kutosha. Makontena yakaanza kushushwa melini na kupandishwa moja kwa moja kwenye behewa hadi Embakasi, na baadaye Naivasha. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote ya makontena ya kwenda bara ipite relini. Meli hazikupungua. Kilindini ilikuwa na shughuli nyingi vilevile, pengine zaidi. Kilichohama ni kazi zote zinazozunguka kontena likishafika nchi kavu: mawakala wa kuondoa mizigo, walinzi na wapakiaji wa yadi za makontena, madereva na matanboi, mafundi wa gereji za Changamwe na Miritini, wauza chai na chapati wa Mariakani hadi Mtito Andei. Ajira ilihamishwa bila kuvuka mpaka wa nchi, na aliyebaki kwenye yadi alijua kwamba nyongeza si jambo la kuulizwa mwaka ule. Mombasa iliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kuondoa mizigo zinarudi bandarini. Zilirudi kwa kiasi gani ni mjadala mwingine, lakini zilirudi kwa amri kwa sababu zilikuwa zimeondoka kwa amri, tena amri ya mtu anayetaka kura za Pwani. Mnunuzi wa suruali aliyeko New York hana haja na kura za Changamwe.

Kuhusu Kenya yenyewe kupoteza viwanda vyake, sina mengi, maana ni habari inayojulikana. Mwaka 2014 Cadbury ilifunga kiwanda chake cha Nairobi na Eveready ikafunga cha Nakuru, na soko letu likaendelea kuhudumiwa kutoka nje, Misri ikiwemo. Anayedhani kazi huhama kutoka nchi tajiri kwenda maskini pekee na awaulize waliokuwa wakitengeneza betri Nakuru. Hata kazi za kompyuta zinafuata njia hiyohiyo. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa 2009, zikapita kama kontena za SGR zinavyopita, na vituo vya simu na vya kuchambua data vikajengwa Nairobi. Vijana wetu wanaofanya kazi za mtandaoni kutoka vyumbani mwao Bamburi wanashindana na Manila bila hata geti la kusimama nje yake.

Kuna wanaosema dawa ni kujirahisisha: tushushe kodi zaidi, tuongeze miaka ya msamaha, tuzuie kima cha chini kisipande. Hawa wangefaa kuangalia Hawassa. Ethiopia ilijenga bustani ya viwanda pale, haikuweka kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, na mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 26 kwa mwezi, karibu mara tano chini ya kima chetu. Kampuni ya PVH, mwenye chapa za Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ilikuwa ndiye mwekezaji wao wa kujivunia. Novemba 2021, vita vya kaskazini vikiendelea na Marekani ikiwa imetangaza kuiondoa Ethiopia kwenye AGOA kuanzia Januari 2022, PVH ilitangaza kufunga kiwanda chake. Dola 26 hazikumshikilia mtu. Urahisi wa mshahara humleta mwekezaji, lakini haumfungi, kwa sababu ni kitu ambacho nchi yoyote maskini inaweza kukitoa kesho asubuhi.

Kinachomfunga mwekezaji ni kile asichoweza kupakia kwenye kontena. Kama kitambaa kingefumwa hapa kwa pamba iliyolimwa hapa, kuhama kungekuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ndiyo fundi angeweza kuidai mezani. Kenya ilikuwa na viwanda hivyo, KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, na vikaanguka miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa na mitumba ikajaa. Leo fundi anashona jinzi mpya ya Marekani mchana, na jinzi anayovaa mwenyewe ameinunua Kongowea, imeshavaliwa na Mmarekani. Kufufua pamba ni kazi ya miaka, na kila serikali imeiahidi. Sitaipigia hesabu humu.

Lakini kuna jambo linaloweza kufanyika bila kungoja pamba wala Washington. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi amlipe kila mmoja angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Fundi mwenye miaka 8 kwenye laini angeondoka na mshahara wa miezi minne. Ila mafundi wengi hawana miaka 8 machoni pa karatasi. Wana kontrakti ya miezi kadhaa, inayoisha na kuandikwa upya, na kontrakti ikifika mwisho wake kwa kawaida haihesabiwi kwamba umepunguzwa. Kwa hiyo kiwanda kikifunga, hakidaiwi kitu na walio wengi, na pale kinapodaiwa mara nyingi mwenyewe keshapanda ndege. Kuhama kwake ni bure, na tishio la kuhama ni bure zaidi. Serikali, ambayo imekuwa ikijadiliana na Marekani juu ya mkataba wa biashara wa nchi mbili, ingeweza kumtaka kila mwenye leseni ya EPZ aweke amana benki, sehemu ndogo ya kila shehena inayopita Kilindini, mpaka itoshe kuwalipa wafanyakazi wake siku 15 kwa kila mwaka wa kazi, ziwe kontrakti moja au ishirini zilizofuatana. Akikaa, amana ni yake na faida yake. Akiondoka, inalipa waliobaki. Najua jibu litakalotoka kwa wenye viwanda, kwamba wawekezaji watakimbia. Mtu aliyesamehewa kodi ya kampuni kwa miaka 10 na bado hawezi kuweka kando mshahara wa nusu mwezi kwa mwaka wa kila fundi alikuwa tayari amepanga kuondoka bila kulipa, na ni afadhali tumjue anapoomba leseni kuliko siku tunapokuta geti lina kufuli.